Maswali ya Wasomaji: Mchezaji Anapogongwa Kichwa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimehusu vichwa: vya watoto, vya makipa, na vya mabondia waliokwisha kutundika glavu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na pale ilipobidi tumezifupisha. Majibu haya hayachukui nafasi ya mganga aliyemwona mgonjwa kwa macho yake. Shabaha yake ni kumsaidia mtu aliyesimama kandokando ya uwanja ajue ni wakati gani hapaswi kusubiri.

Ninafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 17. Katika mechi yetu iliyopita, kiungo wangu aligongana kichwa na beki wa timu pinzani walipokuwa wakiwania mpira wa juu. Alikaa chini kidogo, akamwagiwa maji, akasimama na kuniambia yuko sawa, nami nikamwacha aendelee. Hakuzimia hata sekunde moja. Baada ya mechi aliniuliza mara tatu tumeshinda kwa mabao mangapi. Je, huo ni mtikisiko wa ubongo au ni uchovu tu? (Kocha wa vijana)

Uchukulie kuwa ni mtikisiko wa ubongo mpaka mganga athibitishe vinginevyo, na kijana huyo asirudi mazoezini kabla ya kuonwa. Kuzimia si sharti. Wachezaji walio wengi wanaotikisika ubongo, karibu 9 kati ya 10, hawapotezi fahamu hata kidogo, na kwa hiyo kocha anayengoja kumwona mtu amelala bila kujitambua ndipo aamini atapitwa na karibu kila ajali ya aina hii.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, ni laini, na umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu gumu. Kichwa kinaposimamishwa au kuzungushwa ghafla, ubongo huwa kama abiria aliyesimama wakati basi linapofunga breki: fuvu limekwisha kutulia, wenyewe bado umo safarini. Kwa kuwa sehemu zake hazisogei zote kwa kasi moja, nyuzi ndefu za neva huvutika na kupindika, hasa pigo linapokizungusha kichwa badala ya kukisukuma moja kwa moja. Seli zilizovutwa huvujisha potasiamu na kuingiza kalsiamu kupita kiasi, kisha hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha mpangilio wake, katika kipindi kilekile ambacho mtiririko wa damu inayoleta sukari kwenye ubongo umepungua. Mchezaji hubaki na ubongo usiotoka damu wala kupasuka popote, lakini unaofanya kazi kwa taabu. Wala si lazima kichwa chenyewe kiguswe, kwa maana pigo zito la bega kifuani, likikitupa kichwa nyuma, linatosha.

Mfano unaofahamika sana ni wa fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014, iliyochezwa Rio de Janeiro. Kiungo wa Ujerumani, Christoph Kramer, aligongwa usoni na bega la beki wa Argentina, Ezequiel Garay, mnamo dakika ya 17. Alihudumiwa kwa muda mfupi, akarudi, akacheza kwa karibu robo saa. Katika muda huo alimwendea mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamwuliza kama mechi hiyo ilikuwa ndiyo fainali. Rizzoli alidhani anataniwa, akamtaka arudie swali. Aliporidhika kwamba mtu huyu hatanii, alimwarifu mchezaji mwenzake wa Ujerumani, Bastian Schweinsteiger, na Kramer akatolewa dakika ya 31. Baadaye Kramer alisema kwamba hakumbuki sehemu kubwa ya kipindi hicho. Zingatia kwamba alikuwa wima, anakimbia na kupiga pasi mbele ya ulimwengu mzima, na madaktari wa timu walikuwa hatua chache kutoka alipo.

Kwa hiyo, Kocha, swali la "uko sawa?" lifute. Muulize mchezaji mko uwanja gani, ni kipindi cha ngapi, nani amefunga bao la mwisho, mechi iliyotangulia mlicheza na timu gani, na kama mlishinda. Maswali ya namna hii yamo katika zana za upimaji zinazotumiwa na madaktari wa michezo duniani. Akikosa hata moja, mtoe. Akiyajibu yote, bado hajapata ruhusa ya kurudi, kwa sababu dalili nyingine huchelewa kwa dakika kadhaa na hata saa kadhaa. Mtazame pia anavyoinuka: anajikokota, anapepesuka, anakishika kichwa, anakodoa macho pasipo kutazama kitu, au anakwenda kusimama mahali ambapo si namba yake. Dalili hizo zinazoonekana zina uzito kuliko maneno yake. Mchezaji aliyeumia goti anaweza kukueleza hali ya goti, lakini aliyeumia ubongo anatumia kiungo kilichoumia kutoa ushahidi kuhusu kiungo hichohicho. Uamuzi wa kutoka haupaswi kuwa wake. Na yale maji ya baridi, kwa kuwa umeyataja, humshtua mtu na kumfurahisha kidogo. Hayapimi wala hayatibu chochote.

Binti yangu wa miaka 15 aliangukia kisogo akicheza mpira wa kikapu. Tulimpeleka hospitali, akafanyiwa kipimo cha CT, tukaambiwa hakuna tatizo. Leo ni siku ya sita. Kichwa bado kinamuuma, mwanga unamkera, na akisoma kurasa mbili anasema maneno yanamchanganya. Baba yake anasema anadeka. (Mama mwenye wasiwasi)

Hadeki, Mama. Kipimo cha CT hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na ni habari njema kwamba havikuonekana. Lakini mtikisiko wa ubongo ni hitilafu ya utendaji wa seli, si ya umbo la ubongo linaloweza kupigwa picha, na kwa hiyo picha ya mgonjwa huwa safi kabisa katika visa vilivyo vingi. Hata picha za MRI za kawaida mara nyingi hazionyeshi kitu. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, kwa uchunguzi wa mwendo, macho, shingo na kumbukumbu, na kwa kumsikiliza anayeishi naye.

Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili. Watoto na vijana huweza kuchukua hadi wiki nne, hivyo siku ya sita bado ni mapema mno kwa mtu yeyote kumshuku. Zamani tuliwaagiza wagonjwa walale kwenye chumba chenye giza mpaka dalili zote ziishe, na wako wazazi wanaofanya hivyo hadi leo kwa nia njema. Ushauri huo umeachwa. Wataalamu wa kimataifa waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walithibitisha kwamba mapumziko yanahitajika kwa saa 24 hadi 48 tu, na hata hayo si ya kulala kitandani mchana kutwa: mgonjwa afanye shughuli nyepesi za nyumbani, apunguze sana simu na televisheni, kisha aanze kutembea na kuongeza mwendo kidogo kidogo. Maumivu yakiongezeka kwa kiasi kidogo na kupoa upesi, hakuna madhara. Yakiongezeka sana, apunguze siku hiyo na ajaribu tena kesho.

Kuhusu masomo, zungumza na walimu wake. Anaweza kuanza kwa nusu siku, akae mbali na dirisha lenye mwanga mkali, apewe mapumziko baina ya vipindi, na mitihani iahirishwe. Shule itangulie, michezo ifuate. Haifai mtoto arudi kwenye kikapu akiwa bado hawezi kumaliza siku nzima darasani. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake inatosha, ila isiwe ya kila siku kwa wiki nyingi, maana dawa zenyewe zikizidi huleta maumivu ya kichwa. Wiki nne zikipita bila nafuu, mrudishe kwa mganga, na umwombe aichunguze shingo, mizani ya mwili na ushirikiano wa macho yote mawili. Mara nyingi maumivu yanayong'ang'ania hutoka huko, na yana mazoezi yake ya tiba.

Je, ni kweli kwamba mtu aliyegongwa kichwa asiachwe alale? (Msomaji)

Si kweli kwa mtu asiye na dalili za hatari; usingizi unamsaidia. Hofu hii hata hivyo ina chanzo chake. Mfupa wa fuvu ni mwembamba kwenye panja, na ndani yake hupita mshipa wa damu ambao mfupa ukivunjika huweza kuchanika. Mtu wa namna hiyo anaweza kuzinduka, akazungumza na kucheka, kisha damu inayojikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo ikaukandamiza ubongo, naye akaanza kuzama saa chache baadaye. Akiwa amelala peke yake, hakuna atakayejua.

Kwa hiyo asikae peke yake kwa saa 24 za mwanzo, asinywe pombe, asiendeshe chombo cha moto, na asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kuonwa na mganga. Akimbizwe hospitali bila kusubiri asubuhi ikiwa maumivu ya kichwa yanazidi kupanda, anatapika tena na tena, anapata degedege, anaona vitu viwili viwili, mkono au mguu unakufa ganzi au unakosa nguvu, usemi unakokoteka, anatoka maji au damu puani au masikioni, anazidi kuchanganyikiwa au kuwa mkali isivyo kawaida yake, au anasinzia kiasi cha kutoamka anapoitwa. Ikiwa bado yuko uwanjani na analalamikia shingo, au hana fahamu, asiinuliwe wala kukalishwa na watu wasiofunzwa. Mmoja akishike kichwa chake kisisogee, na wengine waite gari la wagonjwa.

Shikamoo Daktari. Nina miaka 17, ni winga. Jumamosi iliyopita niligongwa kiwiko kichwani nikaona giza kwa muda. Kocha hakuona. Sasa niko vizuri, isipokuwa nikikimbia sana kichwa kinagonga. Jumamosi hii tuna fainali. Nikinywa dawa ya maumivu asubuhi, kuna ubaya? (Winga)

Marahaba, mwanangu. Upo ubaya, na mkubwa. Kichwa kinachogonga unapokimbia ni ubongo unaokuambia kwamba bado haujapona, na dawa itanyamazisha taarifa hiyo bila kuondoa kilichoisababisha.

Hatari ya kwanza ni ya kawaida: utaitikia mambo kwa kuchelewa, hivyo utaumia kwa urahisi zaidi, si kichwa tu bali hata goti na kifundo cha mguu, na pigo jingine katika siku hizi huurefusha ugonjwa. Hatari ya pili hutokea mara chache sana, lakini ikitokea haina msamaha. Tangu mwaka 1984 madaktari wameandika kuhusu wachezaji, karibu wote wakiwa vijana wa umri wako, waliopata pigo la pili kabla ya lile la kwanza kupona. Ubongo hupoteza uwezo wa kudhibiti mtiririko wa damu yake, huvimba kwa dakika chache, na hauna pa kupanukia ndani ya fuvu. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa ardhini katika mchezo wa futiboli ya Kimarekani, akapumzishwa kidogo na kurudishwa kipindi cha pili. Mechi ilipoisha alianguka. Alipasuliwa ili kupunguza shinikizo kwenye ubongo, na ilimchukua muda mrefu kujifunza upya kuzungumza na kusimama. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake, inayotaka mchezaji kijana anayeshukiwa kutikisika ubongo atolewe papo hapo na asirudi bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Ndani ya miaka mitano majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilifuata mwaka 2018, baada ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa akicheza raga kufariki kutokana na mapigo yaliyofuatana kwa siku chache. Naye alikuwa na dalili ambazo hakuwaeleza watu wazima.

Kurudi uwanjani kuna ngazi sita, na kila moja hupewa angalau saa 24. Kwanza ni shughuli za kila siku zisizoongeza dalili. Kisha mazoezi mepesi kama kutembea kwa kasi au kuendesha baiskeli isiyosogea, baadaye yenye nguvu kidogo zaidi. Halafu mbio na mazoezi ya mchezo ukiwa peke yako, pasipo hatari ya kugongwa. Hapo dalili zikiwa zimekwisha kabisa, hata unapojitahidi, unaingia mazoezi ya timu yasiyo na mgusano, kisha, kwa kibali cha mganga, mazoezi kamili, mwisho mechi. Dalili zikirudi, unashuka ngazi moja. Wewe kwa maelezo yako uko ngazi ya pili. Maadamu dalili bado zipo, hesabu ya siku peke yake haiwezi kukufikisha kwenye mechi ya Jumamosi. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa una tahadhari zaidi: hakuna kurudi kwenye mashindano kabla ya siku ya 21, na mchezaji awe amepitisha siku 14 bila dalili akiwa amepumzika kabla ya kurudi kwenye mazoezi yasiyo na mipaka.

Mwambie kocha leo, na mzazi wako leo. Hujafanya kosa la kuficha kwa ubaya. Ulikuwa umegongwa kichwa, na fainali ina uzito kwa umri wako. Nenda kaketi benchi na wenzako ukiwa umevaa nguo za kawaida, ili asitokee mtu wa kukushawishi uingie dakika ya 80.

Mwanangu ni kipa. Nataka kumnunulia kofia ya kinga kama ile aliyokuwa akivaa Petr Čech. Itamkinga? (Baba wa kipa)

Itamkinga na baadhi ya mambo. Čech alivunjika fuvu mwezi Oktoba 2006, Chelsea ilipocheza na Reading, na kofia aliyovaa tangu hapo ilikuwa ya kulinda mfupa uliokwisha kuumia. Kofia laini hupunguza michubuko na nyufa. Kofia ngumu za baiskeli, za farasi na za kriketi huokoa maisha kwa kuzuia fuvu kupasuka, na asiyezivaa katika michezo hiyo anajitafutia balaa. Lakini hakuna kofia inayoweza kuzuia ubongo kusogea ndani ya fuvu, na mtikisiko hutokana na huko kusogea. Nina wasiwasi pia na mtoto anayeamini kwamba kofia imemfanya asidhurike, akaanza kujirusha kwenye miguu ya washambuliaji kwa ujasiri asiokuwa nao jana.

Fedha hiyo, Baba, ningeitumia kwanza kwa kocha mzuri wa makipa, atakayemfundisha kutokea akiwa ametanguliza goti na mikono, kuita mpira kwa sauti ili beki wake ampishe, na kuanguka kwa ubavu. Hakikisheni nguzo za goli zimefungwa sawasawa ardhini, kwa maana goli linaloweza kuinuka na kuangukia watoto linaua. Mazoezi ya kuimarisha shingo yana mantiki: shingo yenye nguvu hukifanya kichwa kisitupwe ovyo. Na kanuni za mchezo ndizo zenye ushahidi mzito kuliko vifaa vyote. Katika hoki ya barafu, kuwakataza watoto kugongana miili kwa makusudi kumepunguza mitikisiko ya ubongo kwa zaidi ya nusu, na katika mchezo huohuo kinga ya meno nayo imeonekana kupunguza mitikisiko, jambo ambalo wengi wetu hatukulitarajia.

Ninafundisha wasichana. Mbona wanaonekana kuumia vichwa zaidi ya wavulana? (Kocha)

Hujakosea. Katika michezo yenye kanuni zinazofanana, kama soka na mpira wa kikapu, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanawake hutikisika ubongo kwa kiwango kikubwa zaidi. Shingo zao kwa wastani zina misuli midogo kulinganisha na uzito wa kichwa, na inaelekea pia kwamba wao husema ukweli kuhusu dalili zao kuliko wavulana. Wape mazoezi ya shingo, na usiichukulie kauli yao kuwa unyonge.

Je, mtoto wa miaka 9 apige mpira kwa kichwa? (Mzazi)

Hapana, na vyama kadhaa vya soka vimekwisha kuamua hivyo. Marekani ilikataza mwaka 2015 kwa watoto wa miaka 10 na chini, na kuweka mipaka mazoezini kwa wale wa miaka 11 hadi 13. Mwaka 2020 vyama vya Uingereza, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliondoa mipira ya kichwa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi.

Uamuzi huo wa mwaka 2020 ulifuata utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia rekodi za wachezaji wa kulipwa wa zamani 7,676 wa Scotland. Vifo vinavyotokana na magonjwa yanayoharibu ubongo taratibu, kama ugonjwa wa Alzheimer na ule wa Parkinson, vilikuwa mara 3.5 zaidi kwao kuliko kwa watu wengine wa umri na hali kama yao. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba mabeki ndio walioathirika zaidi, na makipa hawakutofautiana sana na watu wa kawaida. Hilo halithibitishi kwamba mpira wa kichwa ndio chanzo, lakini linaelekeza kidole upande huo. Ni haki kuongeza kwamba wachezaji haohao walikufa kwa magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu kwa kiwango cha chini kuliko wengine. Kwa hiyo usimkataze mtoto wako soka. Acheze kwa miguu, kwa mpira mdogo na mwepesi unaolingana na umri wake, usiojazwa upepo kupita kiasi. Ule mkubwa wa saizi 5 una gramu 410 hadi 450, na hapaswi kuugusa kwa kichwa.

Mume wangu alipigana ndondi za kulipwa kwa miaka mingi. Sasa ana miaka 58. Anasahau mazungumzo ya jana, anakosa usingizi, na amekuwa na hasira ambazo sikumjua nazo. Watoto wanasema ni ngumi zimemwingia kichwani. Kuna kipimo cha kujua? (Mke wa bondia mstaafu)

Pole sana, Mama. Wanachosema watoto kina historia ndefu. Mwaka 1928 mtaalamu wa magonjwa wa Marekani, Harrison Martland, alieleza hali ya mabondia waliokuwa wakiyumba na kuchanganyikiwa kama walevi ilhali hawajalewa. Kwa miaka mingi jambo hilo lilidhaniwa kuwa la mabondia peke yao. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa futiboli ya Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50, na akakuta protini iitwayo tau imejirundika kwa namna isiyo ya kawaida, alama ya ugonjwa wa ubongo ambao leo huitwa CTE. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2005. Ugonjwa huohuo ulikutwa baadaye katika ubongo wa Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza aliyesifika kwa mabao ya kichwa. Inavyoonekana, kinachohesabika zaidi ni wingi wa mapigo kwa miaka mingi, yakiwamo madogo ambayo hayakumwangusha mtu wala kumtikisa ubongo kwa namna ya kuonekana.

Kipimo cha kuuthibitisha kwa mtu aliye hai bado hakipo. Huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo. Ndiyo maana sitaki familia yenu iketi na hukumu ya watoto na kuacha kwenda hospitali. Si kila bondia hupata ugonjwa huu, na yako mambo yanayofanana nao ambayo yana tiba: sonona, tezi la koo linalofanya kazi kwa uvivu, upungufu wa vitamini B12, kukatika kwa pumzi usingizini, pombe, masikio yaliyopungua kusikia, na hata damu inayojikusanya taratibu juu ya ubongo kwa wiki kadhaa baada ya kujigonga kidogo. Mpeleke, na uende naye mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiwe unayekumbuka yalianza lini. Mweleze mganga kwa uwazi alipigana kwa miaka mingapi na aliangushwa mara ngapi.

Nyumbani, mpangilio usiobadilikabadilika husaidia: muda uleule wa kula na kulala, daftari la mambo ya kesho, matembezi ya kila siku. Hasira zake zikipanda, usibishane naye juu ya nani anakumbuka sawasawa. Ikiwa anakutishia wewe au anazungumza juu ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Mimi ni mwamuzi wa ligi ya ridhaa. Nikiona mchezaji amechanganyikiwa na kocha wake anakataa kumtoa, sheria inaniruhusu nini? (Mwamuzi)

Inakuruhusu mengi kuliko waamuzi wengi wanavyotumia. Sheria za soka zinakutaka usimamishe mchezo mara moja ukiona mchezaji ameumia vibaya, na uhakikishe anatolewa uwanjani. Jeraha la kichwa halingojei mpira utoke. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2014, Álvaro Pereira wa Uruguay aligongwa na goti la mchezaji wa Uingereza akalala bila fahamu, daktari wake akaashiria abadilishwe, naye akagombana naye na kurudi. Watu walimshangilia. Mabadiliko ya kanuni yaliyofuata yalitokana kwa sehemu na picha za mechi kama hizo.

Tangu Januari 2021 kulikuwa na majaribio, na kuanzia msimu wa 2024/2025 waandaaji wa mashindano wanaruhusiwa kuweka mabadiliko ya ziada kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo: kila timu ina nafasi moja katika mechi, haihesabiwi katika mabadiliko ya kawaida, aliyetoka harudi tena, na timu pinzani nayo hupata badiliko moja la ziada. Kama ligi yenu haijaipitisha kanuni hiyo, iombeni, kwa kuwa inamwondolea kocha kisingizio kikubwa kuliko vyote, kile cha kumaliza idadi ya mabadiliko. Raga ya kulipwa humtoa mchezaji kwa muda wa dakika 12 ili apimwe pembeni. Soka bado haina utaratibu huo, ingawa chama cha wachezaji duniani kimekuwa kikiudai.

Kiwiko kinachorushwa kichwani kitolee kadi nyekundu hata kama ni dakika ya pili ya mchezo. Kocha anayekataa kumtoa mchezaji aliyechanganyikiwa, mwite nahodha na mganga wa timu pamoja naye, waeleze ulichokiona kwa maneno machache, na usipulize filimbi ya kuendelea mpaka mchezaji huyo awe nje ya mistari. Kisha andika kwenye ripoti yako dakika, namba ya jezi na jinsi alivyoumia, kwa sababu mwamuzi atakayechezesha mechi yao ya katikati ya wiki hatakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba jina hilo halikupaswa kuwamo kwenye orodha.